Lori Mbili

Mkataba niliusaini juu ya tairi la akiba
katika yadi ya Kampemba, mvua ikitishia,
karani Kazadi akiikodolea macho kalamu yake
kana kwamba ningeondoka nayo.
"Wewe mgeni," alisema, "mgeni hali cha mwenyeji."
Dola tisini. Si kwa mwezi, kwa safari,
kutoka Lubumbashi hadi bandarini Dar, na kurudi.
"Na gurudumu lisipozunguka, Ngosa,
mshahara nao hauzunguki."
Akacheka. Nami nikacheka.
Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Leseni ilikula cherehani ya mama,
ikala na meza yake.

Leo ni siku ya nane ya foleni ya Kasumbalesa.
Kilomita tisini tu kutoka nyumbani!
Basi la asubuhi lingenifikisha Ruashi
kabla ya uji wa mtoto kupoa.
Lakini mimi ni dereva wa masafa marefu,
hivyo ndivyo kilivyoandikwa kitambulisho,
na masafa yangu yote hadi sasa
ni vumbi jekundu, kichuguu kimoja,
na makalio ya lori la mzee Kapend.

Mgongoni nina tani thelathini za shaba,
mabapa yamefungwa mikanda ya chuma.
Usiku napanda kulala juu yake, rungu kifuani,
maana wapo wanaokuja bila viatu,
na bapa moja likipotea
nitalilipa kwa safari nane.
Baridi ya Julai inapenya turubai,
inapenya koti,
inafika mfupani na kuvua viatu.
Shaba naibeba. Shibe siijui.

Posho iliisha siku ya tatu.
Kioo cha pembeni, jiwe la njia ya Likasi,
nimeandikiwa mimi.
Maji ya kuoga, ndoo nusu, falanga mia tano.
Askari wa kizuizi alitaka maharage ya watoto;
nikamwambia nami nina mtoto,
akasema basi tugawane,
akachukua yote.

Kapend ana miaka kumi na tisa barabarani.
Ananifundisha kunyonya mazuti kwa mpira,
kikombe leo, kikombe kesho,
tuwauzie wenye pikipiki.
"Sote tulianza hivi," anasema.
Nikamuuliza: "Na kuanza kuliisha lini?"
Akatema mate yenye mafuta.
Akarudi chini ya tela lake
kupuliza mkaa wa bukari.

Jioni Chola hunipigia kwa simu ya shangazi yake.
"Baba, umeona bahari?"
"Bado kidogo."
"Leo umesogea ngapi?"
Amekwisha kukijua kipimo chetu.
"Lori mbili."
Namsikia akiwatangazia wenzake uani,
lori mbili! lori mbili!
kama vile nimeziruka kwa miguu.

Sikumwambia habari ya ile ya pili.
Dereva wake alikuwa kijana, safari ya kwanza,
sikuwahi hata kumuuliza jina.
Saa kumi ya usiku aliacha ufunguo kwenye kiti,
akakunja blanketi vizuri, la kampuni lile,
akavuka barabara
na kupanda basi linalorudi mjini.
Lori lilivutwa kando kwa mnyororo.
Sisi tuliobaki tukapiga honi kwa furaha,
tukasogea.

Sasa ni saa kumi tena.
Basi linakuja, taa moja imekufa,
kondakta anagonga bati: Lushi, Lushi, bado mmoja!
Mbele yangu Kapend amewasha injini,
moshi wake unaingia dirishani.
Ufunguo uko kiganjani mwangu.
Umeshapata joto.