Nyigu wa Taa ya Kushoto

Kampuni ilinituma asubuhi, na kamera, futikamba
na fomu ya kurasa sita,
niende Ipuli nikaitazame Noah nyeupe
iliyogongwa, kwa maelezo ya mwenyewe, Alhamisi usiku
na lori lisilo na namba, lisilo na taa,
lililotokea upande wa Urambo
likapotelea upande huo huo.

Malori ya namna hiyo yamejaa kwenye madai.
Barabarani sijawahi kukutana na hata moja.

Bwana Lusangija Kapama alinipokea na shati la pasi.
Karatasi zake zilisimama kama askari wa gwaride:
ripoti ya trafiki, mchoro wa ajali, picha nane za rangi,
muhuri haukupinda hata unywele.
Shahidi naye alikuwepo, kakalishwa kwenye kiti cha plastiki,
anaongea akitazama dari, kama mtoto wa ngonjera;
nikimkatiza, anaanza upya toka mstari wa kwanza.

Nikachuchumaa. Ndiyo kazi yangu, kuchuchumaa.
Bampa limebonyea, sawa.
Boneti limekunjamana, sawa.
Kwenye ufa wa taa ya kushoto nikaona tope,
tope dogo, la kufinyangwa,
vyumba vitatu kama nyumba ya kupangisha kule Kiloleni:
cha tatu mlango bado mbichi,
cha pili kimezibwa,
cha kwanza kimetobolewa toka ndani.
Nyigu akatoka, akaizunguka kofia yangu, akarudi kazini.

Bima ilikatwa Jumanne.
Ajali ikatokea Alhamisi.
Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.
Na fundi yule, peke yake, bila kibarua,
kashajenga, kashazaa, kashapiga lipu,
na mwanawe wa kwanza kaota mabawa, kahama.

Sikusema kitu. Nilipiga picha.
Bwana Kapama alikifuata kidole changu kwa macho,
akameza mate, akaita ndani:
"Leteni ile asali ya mgeni."
Ndoo ya lita kumi, nyeusi, ya Sikonge.
Niliiacha. Naomba mnisadiki kwamba niliiacha,
maana kuna mwaka mwingine, na ndoo nyingine,
na sikuiacha.

Ofisini, kwenye benchi la mlangoni,
Mama Nyanzala Mihayo alikuwa amekaa kwa mara ya kumi na moja.
Pikapu yake ililaliwa na lori la tumbaku, mchana kweupe,
njia ya Kaliua, mwanawe akiwa kiti cha mbele.
Trafiki kaandika Jumatano, hospitali ya Kitete imeandika Jumanne.
Jina lake lina herufi moja pungufu.
Picha hana.
Wakati wa kupiga picha
alikuwa majanini, anatafuta kiatu cha mtoto.
Juu ya faili lake kuna wino mwekundu: LINASHUKIWA.

Miaka kumi na minne imenifundisha hili tu:
uongo huja umechana nywele.
Ukweli huja pekupeku, na tarehe mbili.

Ya Kapama niliimaliza kabla chai haijapoa.
Meneja akacheka, akaipitisha picha ya nyigu meza kwa meza,
akasema huyu mdudu tumwajiri.
Kisha nikalifungua faili jekundu,
nikakaa nalo mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha.

Pikapu ile niliitazama mwezi wa tano, ufa kwa ufa.
Mvua ilikuwa imeshaosha kila kitu.
Hakuna aliyejenga humo.

Nilipotoka, Mama Nyanzala alikuwa bado yupo,
mkoba magotini, ndani yake kitu chenye umbo la mguu mdogo.
Kimoja hicho alikipata, kumbe.
Hakuna fomu iliyowahi kumwuliza.
"Baba," akaniuliza, "niwaachie na hiki?"
Nikasema kilete.
Nikarudi ndani kutafuta stepla.