Mita Arubaini, Quriyat

Zuwena, usiiongeze nguvu mashine.
Skrini itajaa chuya, mchele tusiujue.

Tazama chini: mstari mnene, mwekundu,
na chini yake mwangwi wa pili.
Huo mwamba. Mwamba hujibu mara mbili.
Tope hunong'ona mara moja tu, likanyamaza.

Tao lile ni changu,
ingawa bado si changu.
Wala si nyama iliyojibu:
ni kifuko cha hewa tumboni mwake.
Twasoma pumzi, ndipo tutie ndoana.

Nguru hana kifuko.
Hupita mwembamba,
mkwaruzo wa ukucha kwenye kioo.

Jana, taa za Quriyat zikizimika nyuma yetu,
niliufuta mkwaruzo huo kwa kitambaa,
nikidhani chumvi.

Ukasogea.