Kiti cha Nyuma

Mwaka mzima tulicheza kibati, buku kwa siku,
pale kijiweni Kange, chini ya bango lililobabuka,
Hoza akiandika kwenye daftari lenye jalada la twiga
nani katoa, nani kapiga chenga.
Si kwa msiba. Si kwa harusi.
Kwa safari isiyo na abiria.

"Kwenda wapi?" aliuliza mke wangu.
Kwenda tu.
"Atalipa nani?"
Nikainama nikafunga kamba za viatu
vilivyokwisha fungwa.

Pikipiki tano. Na alfajiri ile mgongo wangu ulishangaa:
hakuna goti la mtu ubavuni,
hakuna kikapu cha mboga, hakuna "punguza mwendo, baba,"
wala simu ya mwingine inayogombana sikioni mwangu.
Mkonge ukapita mistari, mistari, mistari,
hata Mombo tukanywa chai ya tangawizi wima,
kama watu wanaodaiwa.

Kisha mlima.
Soni ikatupokea kwa kona za kuvunja shingo,
Lushoto kwa ukungu uliotuingia mikononi mwa makoti.
Shemhilu, mzaliwa wa huko, alizima injini kila penye bonde
asikilize maji.
Sisi tulidhani anabana mafuta.
Tukalala Mlalo, watano kwenye magodoro mawili.

Mteremko wa Mng'aro usiuulize.
Mawe yanahama chini ya gurudumu kama mbuzi wasiochungwa,
breki zinanuka,
Mdoe anaibembeleza Boxer yake kwa jina la mama yake mzazi,
na mimi, miaka tisa barabarani,
nikashuka nikaikokota, nimejaa haya
kama bwana harusi aliyesahau jina.

Na kule chini, nchi imevua nguo.
Miiba. Joto limelala chali, halina pa kwenda.
Mchanga mwekundu unameza tairi, usukani unakataa amri,
tukawa tunaanguka kwa zamu bila kupangiwa.
Saa nane mchana cheni ya Kibwana ikakatika.
Hoza akaiunga, jiwe juu ya jiwe,
kwa msumari ulionitoboa tairi jana yake;
nilikuwa nimeutunza mfukoni kwa hasira.

Hapo ndipo alipotokea Bi Nakiete,
kichakani, pasipo na njia,
gunia la choroko kichwani, jogoo kwapani.
Hakusema poleni. Hakuuliza mnatoka wapi.
Alitupima mmoja mmoja kama achaguaye nyanya,
jicho likatua kwangu:
"Mnazi shilingi ngapi?"

"Mama, leo hatubebi."

"Hambebi." Akakitazama kiti.
"Sasa hiki mmekileta kije kuona nini?"

Tukacheka hadi vumbi likatushuka mapafuni.
Nikataja bei. Akaikata nusu. Nikapandisha.
Jogoo akaingilia kati.
Tukaafikiana pale pale
ambapo tungeafikiana Ngamiani.

Akapanda upande, goti likanigusa ubavu,
gunia likalala juu ya tangi,
na pikipiki iliyoyumba tangu adhuhuri
ikaukanyaga mchanga, ikanyooka.
Uzito wake ulilifunza tairi adabu.
Nyuma yetu wanne wanapepesuka na viti vyao vitupu,
Kibwana anapiga kelele: "Mama, huna dada?"

"Punguza mwendo, baba."

Nikapunguza.
Digidigi wawili walikuwa wamesimama kando,
masikio mbele, wanatushangaa.
Sijui nilipita wangapi tangu asubuhi.

Mnazi akanilipa noti moja yenye joto la kifuani
na vikombe viwili vya choroko, vya kujaza mpaka kilele.
Hoza akafungua daftari la twiga,
akalamba ncha ya kalamu:
"Hii tunaiandika wapi?"

Hakuna aliyejibu.
Mdoe alikuwa amekwisha kumfuata mzee mmoja mwenye dumu,
anamuuliza anaelekea wapi.