Umechinja, Vichwa Umesahau

Ulaanbaatar, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Gantsetseg afungua faili la sensa ya mifugo;
kompyuta ikaganda kama mto Tuul.
Mistari milioni tatu na ushei,
kondoo, mbuzi, farasi, wote mlango mmoja.

Akaacha kipanya. Kwenye dirisha jeusi
akaandika amri fupi kuliko jina lake:
kata, kila mistari elfu hamsini.

Cha kwanza kilijijua.
Vilivyofuata, tarakimu tupu:
arobaini na mbili. Za nini? Za nani?

"Umechinja," Davaa akacheka, "vichwa umesahau."

Akarudia, akikipa kila kipande mstari wa juu:
wilaya, mwenye zizi, aina, idadi.

Cha mwisho kina mistari saba, ule ushei.
Mmoja wa mjane wa Gobi:
ngamia, wawili.