Spoku Thelathini na Mbili

Usitafute kengele. Nimeing'oa,
yamebaki matundu mawili na waya mwekundu.
Weka gurudumu kwenye rafu ya kushoto,
andika jina, andika linauma wapi,
kisha uende zako. Jumanne litakuwa tayari.
Nikisema Jumanne ni Jumanne.

Hii ndiyo gereji yangu, uchochoroni, mjini Ghent,
mita tatu kwa tano na nusu,
chini ya jiko la Bi Hortense, mjane,
anayekaanga vitunguu kila siku saa tano kasorobo,
na hiyo ndiyo saa yangu ya kwenda kusimama kando ya mfereji.

Kabla ya hapa nilikuwa ghala la duka kuu,
chini ya taa zinazolia.
Wenzangu walisema hazilii.
Zinalia: sauti moja, nyembamba,
kama mbu aliyefungiwa ndani ya jino.
Miezi kumi na moja nilitabasamu kwa ratiba,
jioni nauvua uso kama kiatu kinachobana,
nalala sakafuni na koti langu.

Ofisi ya ajira ikanipa fomu.
Je, unaweza kushirikiana na wengine?
Kidogo, wastani, sana.
Nikauliza: wengine gani? Wangapi? Wamekaa au wamesimama?
Karani akaandika kitu, akakifunika kwa mkono.

Neno usonji nililipata nina miaka ishirini na tisa.
Kaka yangu Stijn akasema: Jorien,
kusalimia kwenyewe kunakushinda, kuuza utauzaje?
Kizuri chajiuza, nikamjibu.
Akasema hayo ni maneno ya mtu asiyelipa pango.

Hakukosea. Mwezi wa kwanza, magurudumu matatu.
La pili lilinila saa tisa,
nikatoza saa moja na nusu,
kwa kuwa ndiyo bei niliyoiandika ukutani.
Mwenyewe alikuwa amesema, linyooshe kiasi tu.
Kiasi?
Kipimo changu kinasoma sehemu ya kumi ya milimita.
Kiasi hakimo.

Lakini spoku ukiigonga kwa ukucha, inasema.
Gonga moja, sikiliza, gonga jirani yake.
Kumi na sita huku, kumi na sita kule,
na iliyolegea huguna chini ya wenzake.
Hainidai nimtazame mtu machoni.
Naigeuza nati robo. Nangoja.
Nusu ya robo.
Mpaka duara zima liwe na neno moja.

Akaja Yordan, msambaza vyakula,
gurudumu limekunjwa na reli ya tramu kama chapati.
Baada ya wiki sita akarudi: halijayumba.
Jumamosi yake akaleta wenzake watano.
Makoti sita ya rangi ya chungwa, simu sita zinaimba,
wote wanacheka, wote wanataka leo.
Nikafunga mlango.
Nilikaa chini ya meza hadi saa tisa
nikifikiri: kumbe hata kufanikiwa kuna taa zinazolia.

Usiku ule nikachora rafu, vigingi, namba.
Yordan akayaandika masharti kwa Kibulgaria na Kituruki,
mstari mmoja ameongeza wa kwake, amekataa kunitafsiria.
Wanaosoma hutabasamu, kisha huondoka polepole.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Mimi hupona mgeni akishapinda kona.

Barua ya kodi ilifika, kurasa saba.
Niliisoma mara nne, kwa raha:
kila mstari una namba, kila namba ina kisanduku chake.
Stijn akauliza, umebakiwa na ngapi mwezi huu?
Euro mia mbili na kumi na moja.
Akacheka. Kisha akaomba kuliona daftari,
akaketi juu ya ndoo, akalisoma bila kusema.

Leo Jumatatu. Nalizungusha la mwisho.
Kati ya rimu na kipimo pana uzi wa mwanga,
hautikisiki.
Juu, kisu kinagonga ubao.
Bado dakika nne.