Muhula wa Klarineti

Saskatoon, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Mwaka wa tatu wa shahada, chumba cha kumi na nne:
sisi wapiga piano, wenye vyeti ukutani kwa mama zetu,
tumekabidhiwa klarineti. Wiki sita tu.

Yangu inalia kama bata aliyekanyagwa.
Profesa Halvorsen hacheki. Anaandika kitu.
"Tena."
Nalowesha ulimi wa mwanzi, napuliza.
Bata yuleyule.

Siku ya mtihani nikadhani atapima sauti.
Akauliza: midomo inauma wapi?
Nikamwonyesha.
"Basi anzia hapo,
siku mtoto wa darasa la tano
atakapotaka kuirudisha kabatini."

Alama ikatoka: C.
Ulimi uliopasuka ninao bado,
kwenye kijaluba cha kalamu.