Chupa ya Asali

Milembe alitia konzi tatu za shamba langu
katika chupa iliyokuwa ya asali,
akajaza maji ya ziwa, akatikisa
hadi kiganja kikamuuma.

Luseni ilizama kwanza, mchanga mtupu,
mzito kama mtu asiye na siri.
Tope likafuata, likijivuta.
Ule wa kufinyangia vyungu ukagoma kushuka:
siku ya pili bado unaning'inia,
maji rangi ya chai ya msibani.

Karatasi ya kupimia ikawa nyekundu.
"Mchachu," akasema.
Misimu minne nimeitukana mbegu.

Jioni tukabeba majivu, debe kwa debe,
kupita mawe ya Igombe.
Mama mkwe akauliza tunamzika nani.
"Hakuna maiti. Shamba lina kiungulia."